Silabi Moja

Jumamosi, ua wa nyuma, Isevya.
Babu, ambaye hata nyumbani tunamwita Mwalimu,
amefagia sementi, anamwaga Ulaya nzima juu yake:
karanga ni askari wa miguu,
maharage mekundu ni farasi,
choroko ni mizinga.
Bomba linalovuja ndilo mto.
Kandambili yangu ya kushoto ni kilima,
na sina ruhusa ya kuivaa hadi vita viishe.

"Hapa," anasema, "jenerali ameandika: Songeni kushoto.
Hakusema kushoto kwa nani."
Mjumbe akaficha karatasi ndani ya buti,
mvua ikanyesha, wino ukatembea
kuliko farasi wake.
Alipofika alisoma kilichobaki,
akanyoosha mkono, "Kule!"
na kule kulikuwa pande zote.

Basi farasi mia sita wakaondoka
(anawasukuma kwa mti wa ufagio),
polepole, kisha mchakamchaka, kisha radi,
wazuri ajabu, wakishambulia
shamba la shayiri
na mwanamke mmoja mwenye ndoo.

Mtetea wa Mama Mwashi akaingia ubavu wa kulia
akala kikosi cha akiba.
Nilicheka. Mwalimu hakucheka.
"Hilo nalo hutokea."

Nikamuuliza, kwa nini kila siku vita hivi
vya watu wenye kofia za manyoya?
Farasi wenyewe, mbung'o wa huku
wasingewaacha wafike hata Urambo.

Treni ya Kigoma ikapiga honi. Akangoja ipite.
Ilipopita akaendelea kungoja.

"Mwaka ule, mpakani, mimi ndiye nilishika redio.
Miaka ishirini na miwili, sauti safi.
Afande akasema: Msivuke.
Nikasema: Msivuke.
Upepo, betri, mto wenyewe, sijui.
Kule mbele wakasikia: Mvuke.
Wakajibu: Sawa.
Sawa ipi, sikuuliza.

Kukataza kwetu, mjukuu wangu, kumekaa katikati ya neno,
silabi moja, nyembamba kama mwiba wa dagaa.
Ikidondoka, neno halibaki na kovu.
Linasimama zima, linapiga saluti, linaondoka.

Alfajiri juu ya mto palikuwa na mvuke tu.
Luhende wa Sikonge alikuwa ananidai shilingi tano."

Akainama, akaanza kuokota farasi
mmoja mmoja, akiwapuliza vumbi,
na wale walioliwa akawaachia nafasi yao kiganjani.
Nilivaa kilima changu, nikamsaidia.

Bibi akaita kutoka jikoni, juu ya mlio wa mafuta,
kitu kuhusu maharage:
yaoshe, au usiyaoshe.

Nikaenda hadi mlangoni
kumuuliza tena.