Sekunde Kumi na Moja

Walipokuja na kamba zao za kupimia ilikuwa Septemba,
Kinyasungwe mchanga mtupu,
mbuzi wamelala katikati, mkokoteni umepita
ukaacha mistari miwili, reli ya mzaha.
Mgeni mwenye kofia nyeupe akauliza:
mto wenyewe uko wapi?
Nikamwambia, umesimama juu yake.

Akaandika. Sijui aliandika nini.

Sisi wa Gulwe tunaujua mto kwa madeni yake.
Kwa Malogo, mwaka wa mafuriko, ulichukua mlango
ukarudisha mlango wa mtu mwingine.
Reli ya zamani uliikunja kama mkeka,
na baba, mtu wa gengi, kila mvua
alitoka usiku na taa, spana, na fataki mbili mfukoni
aizuie treni kwa mwili wake ikibidi.
Goti lake la kushoto hadi leo hutabiri mvua,
na hukosea.

Wakachimba shimo la mguu wa daraja.
Mita kumi na moja chini wakakuta maji,
wakayachukia.
Pampu ikanguruma usiku na mchana kuyafukuza,
bomba likayatema vichakani,
na mama, Sechelela binti Ndahani,
aliyefukua mchanga kwa kata miaka arobaini
apate ndoo moja yenye rangi ya chai,
akaja na madumu sita.
Wakaja wote. Foleni ikagusa geti la kambi.
Miezi minne tulifua hata mapazia.
Siku ya kumwaga zege bomba lilikohoa mara mbili,
likanyamaza.
Mama alikuwa amesimama pale na dumu la saba,
jipya, karatasi ya bei haijabanduliwa.

Mimi nikapata kazi juu. Kazi yangu, nati.
Kamba kuu imesukwa nyuzi za chuma zisizohesabika,
twende kilioni ya kichwa cha jitu,
na mimi nabana vibanio, nati kwa nati,
mkanda kiunoni, upepo wa Julai
ukinitia vumbi hadi kwenye jino bovu.
Nati ya mia mbili na kumi na nne ilinikataa siku mbili.
Ya tatu nikaitukana kwa Kigogo. Ikakaza.

Sasa lina ghorofa mbili.
Juu malori ya alizeti, ng'ombe wa mnada,
bodaboda mwenye kitanda mgongoni.
Chini yao, treni.

Nilichukua likizo nikakata tiketi, Dodoma hadi Morogoro,
dirisha la kushoto. Nilihesabu.
Sekunde kumi na moja, basi.
Ya tatu, nati yangu ilipita, au nilidhani.
Ya saba, niliona chini kishimo cheusi mchangani,
dumu la njano, na mgongo ulioinama.
Mgongo ule naujua.
Haukuinuka kututazama. Uinukie nini?
Kijana wa pembeni yangu akatoa kidude sikioni:
"Daraja lote hili, juu ya mchanga?"
Nikatafuta pa kuanzia.
Nilipopapata, tulikuwa Kidete, naye amelala.

Februari, saa nane usiku, simu.
Mama hakunisalimu.
"Umekuja," akasema.
Dodoma nilipo mbingu kavu, nyota tele,
lakini ndani ya simu niliusikia,
ng'ombe elfu wasio na kengele,
na juu yake kitu chembamba, cha haraka,
kilichopita kabla sijakitambua.
Nilijikuta nimeshika spana isiyokuwepo.

Nyuma yake baba anapekua, anaulizia taa.
"Mwambie alale," nikasema. "Treni imeshavuka."
"Nimemwambia."
"Anasemaje?"
"Anasema hajauliza habari za treni."
Mlango ukalia. Mama akashusha pumzi.
"Ametoka na viatu vyangu."