Mama Mbuzi, Baba Kichaa

Ibra. Nje, nyuzijoto arobaini na sita.
Juu ya friji nimelaza karatasi mbili zilizoloa,
mbegu hamsini kila moja.

Mama pilipili mbuzi, baba kichaa:
siku ya kumi na mbili, zimeota tatu.
Nikageuza ndoa. Mama kichaa, baba mbuzi:
arobaini na moja.
Brashi ile ile. Maji ya falaji ile ile.

Shangazi Shinuna, aliyeziingiza nchini
mbegu za Wete ndani ya pindo la kanga,
anachungulia, anacheka:
"Ganda kashona mama.
Baba kaleta ukali tu."

Nimeyaandika daftarini, na tarehe.
Zile arobaini na saba zilizolala
sijazitupa.
Alfajiri nazinyunyizia.