Asilimia Moja Kasoro

Mimi si mwanakemia. Kazi yangu kuziba vioo kwa moto.
Urve huniletea mrija wa kwatzi, tumboni mna unga:
shaba, zinki, bati,
na seleni nyeusi kama masizi ya jiko la mamake kule Saaremaa.
Seleni, alinieleza, ni mwezi kwa Kigiriki.
Mwezi wako unanuka figili iliyooza, nikamjibu,
akacheka hadi barakoa ikamshuka.

Nanyonya hewa yote, hata ile ya mwisho, bahili,
kisha nazungusha shingo ya kioo katika ndimi za moto
mpaka ilegee, ijisokote, ifunge.
Digrii mia saba na arobaini. Siku tano.

Nje, Mustamäe, ni Januari.
Jua huripoti saa tatu likichechemea,
saa tisa limekwisha aga.
Na sisi, watu wa kukopeshwa mwanga,
ndio tunaopika kijiwe cha kuunasa!

Mia mbili na saba ilipasuka usiku, tanuri likakohoa manjano.
Mia mbili na kumi na mbili ikatoka nzima.
Nikaivunja mwenyewe, pigo moja.
Punje za kijivu, ndogo kuliko haradali;
Urve akazipanda kwenye gundi, zikawa kama karatasi ya msasa,
unaikunja, haivunjiki.

Fomu ya ruzuku inauliza: itatumika wapi?
Kaandika: ukuta usioona kusini, mgongo wa begi,
dirisha, jicho la kuona joto gizani,
kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika.
Kaandika "huenda" mara kumi na moja.
Nilihesabu.

Mita ikasoma asilimia moja kasoro.
Kasoro, Urve akasema, ndiyo habari yenyewe:
shaba imekalia kiti cha zinki.
Bila kasoro hata moja kijiwe ni bubu;
zikizidi, kinameza kila kinachopewa.
Hicho ndicho kipitishi nusu:
hakatai, hakubali, anangoja kuguswa.
(Alisema "anangoja", kama vile anamtaja mtu.)

Jioni akazima taa zote, akabakiza ya mezani,
akaulaza ule msasa chini yake.
Sindano ikatikisika, unywele tu.
Hakuna aliyepiga makofi.
Akatoa kalamu, akafuta "huenda" moja.

Kitandani Aliide akageuza uso:
Umekula kitunguu saumu?
Mwezi, nikamwambia.
Kipande.