Mengineyo

Bumu limeingia Jumanne. Kabla halijapoa
nimechana karatasi ya kati kwenye kaunta buku,
nikapiga mstari kwa kitambulisho cha chuo:
kushoto matumizi, kulia shilingi.

Chumba hapa Rau, elfu arobaini.
Unga, maharage, dagaa wa Mbuyuni
(nimepima kwa kopo, si kwa macho).
Umeme tunachanga na Ndeshi; yeye mwenye pasi
alipe zaidi. Tulikubaliana. Hajalipa.
Bando. Fotokopi. Sabuni, nusu mche.

Chini kabisa, kwa aibu: Mengineyo.
Elfu tano.

Mwezi uliopita Mengineyo yalikula kama nzige.
Yalianza na rambirambi ya baba yake Aminieli,
yakapita Memorial kwa fundi viatu,
yakanunua ndizi za kuchoma
siku ile mvua ilipoishika Moshi nzima,
tukakaa kibarazani, Kibo imejifunika,
tukicheka hadi mwenye nyumba akatuzimia taa.
Tarehe kumi na tisa nilikuwa nakunywa uji bila sukari
na kuwaambia watu nimefunga.

Leo nimeyafuta. Nimeyaita kwa majina:
Msiba wa mtu, elfu mbili.
Soli, elfu mbili na mia tano.
Ndizi, pamoja na wa kula naye, elfu moja na mia tatu.

Jumla haikubali. Nimejumlisha mara tatu,
imezidi kwa mia nane.

Nimepanda tena juu, kwenye sabuni.
Robo mche.