Fulana Kumi za Matanga

Pale Nyawera muuzaji aliuliza jambo moja:
fulana ni nyeupe au nyeusi?
"Ya matanga," nikajibu. Akapunguza redio.

Karatasi ya nguo nyeusi ina weupe wake mgongoni,
haimezwi na giza, lakini bei!
Nikahesabu faranga, nikahesabu tena,
nikachukua ile ya nguo nyeupe,
nyembamba kama ganda la kitunguu.

Umeme ulirudi saa nane usiku.
Nikakandamiza pasi, bila mvuke,
juu ya uso wa Cubaka, kwenye meza ya kulia,
nikihesabu hadi thelathini kwa sauti ndogo
watoto wasiamke.
Ikapoa. Nikaibandua kuanzia pembeni.

Asubuhi mama yake aliinua ya kwanza dirishani.
Akakaa kimya.
"Kovu lilikuwa shavu la kushoto."

Nilisahau kuigeuza picha kabla ya kuichapa.
Zote kumi.

Mwa Nsimire akaivaa hivyo hivyo, akasimama mbele ya kioo,
na mle ndani kovu likarudi kwao.
"Acha," akasema.
"Ndivyo alivyojiona mwenyewe
kila alipojinyoa."