Kilele Kisicho na Jina

Mashine ya Uyole haina pua, ina sindano.
Huvuta hewa iliyolala juu ya pichesi lililopondwa,
huipitisha kwenye mrija mwembamba kama uzi,
kisha huchora.
Mistari hupanda, hushuka. Vilele, ndivyo tunavyoviita,
nami nikivitazama naona safu ya Kipengere
asubuhi ya Juni, jalidi imelala mabondeni.

Sampuli ya tatu: pichesi jipya, la kupandikiza,
jekundu kama mashavu ya mtoto aliyekimbia kwenye baridi.
Linavumilia kreti, linafika Dodoma bado gumu.
Vilele vinne.
Heksanali, harufu ya majani yaliyofyekwa.
Esta mbili, za uvivu.
Laktoni kidogo, kama chumvi ya mgonjwa.

Sampuli ya nane nimeileta mwenyewe
ndani ya soksi, mapajani, kutoka Bulongwa.
Dogo, lina manyoya, nyama yake nyeupe.
Dukani halina jina. Mama yangu, Orida Tweve,
huliita lile-la-nyuma-ya-choo.

Nikabonyeza. Nikangoja dakika arobaini na mbili.
Vilele thelathini na kimoja!
Laktoni ikapanda hadi ikagonga ukingo wa karatasi.
Linaluli, ua tupu.
Benzaldehidi, ule uchungu wa kokwa
tuliotafuna utotoni tukiambiwa tutakufa,
hatukufa.
Na karibu na mwisho, kitu cha chini,
si kilele, ni kichuguu.
Kompyuta ikapekua maktaba yake yote
ikaandika: haijulikani.

Uchafu wa mrija, akasema Dokta Mwambipile.
Labda.
Nikarudia, nikatega pua yangu
pale hewa inapotokea.
Ikapita. Sekunde mbili tu:
sweta lililolowa, linakaushwa juu ya jiko,
na mtu anakukaripia kwa nini umechelewa.

Fomu ina nafasi ya tarehe, ya uzito, ya sukari.

Mama akapiga simu: Mashine imesemaje?
Imesema ni tamu.
Hilo hata nyigu wanalijua, akakata.

Lilibaki nusu kwenye friji, la kurudia kipimo.
Saa kumi na moja mlinzi anafunga geti,
nami bado nimekaa, kokwa shavuni,
kidevu kinanata,
naandika kwa mwandiko mzuri kabisa:
sampuli ya nane, imeharibika.