Kisanduku cha Tatu

Hapa Valdivia mvua haigongi hodi,
inaingia hospitalini na viatu vyake.
Mimi ni mtunza daftari la mifupa isiyounga:
watoto kumi na tisa, miaka kumi na mmoja.
Saldías, bwana wa takwimu, aliandika kutoka Santiago:
kumi na tisa si idadi, hao ni majirani.
Na kweli. Nawajua kwa vikohozi vyao koridoni.

Namba kumi na nne alizaliwa na muundi uliopinda
kama kijiti kilichochomekwa majini.
Hajajifunza kusimama, ukavunjika.
Hakuanguka. Hakugongwa.
Mama yake alikuwa anamvisha soksi.
Kwenye safu ya chanzo nikaandika: soksi.
Saldías akaifuta.
Nikaiandika tena.

Madaktari hupaita pale kiungo cha uongo:
mguu unakunjika mahali pasipo na goti.
Tuliusihi mfupa uunge,
ukaungama tu kwamba hauwezi.
Tukachota kipande nyongani, tukakipandikiza.
Kiliyeyuka kama sukari, kimya kimya,
picha baada ya picha.
Mara ya pili, msumari ndani ya uboho.
Mara ya tatu siielezi, kurasa zake zililowa
na sikuomba zikauke upesi.

Kisha dokta Oyarzo akaandika lile neno, kukata,
akampa mama karatasi ya ridhaa aende nayo nyumbani.
Clorinda Antileo aliirudisha baada ya wiki mbili
bila saini.
Nyuma yake, hesabu za viazi:
magunia manane, deni la mbolea, nauli ya basi.
Ninayo bado. Nimeipiga muhuri.

Zikaja pete za chuma na waya na spana ndogo.
Robo zamu asubuhi, robo mchana,
robo jioni, robo usiku:
milimita moja kwa siku,
mama akizungusha nati kwa mikono inayonuka samaki wa moshi,
akihesabu kwa Kimapudungun
asije akalia kwa Kihispania.

Leo wamerudi.
Millaray ana miaka tisa, buti za njano,
soli moja nene kuliko mwenzake.
Picha ikawekwa kwenye taa.
Pale palipokuwa na pengo pana ukungu,
ukungu wa mto Calle-Calle alfajiri ya Juni:
huoni daraja,
lakini unasikia magari yakivuka.

Fomu ina visanduku viwili.
Umeunga. Haujaunga.
Kalamu ya Oyarzo ikaelea juu ya karatasi
kama nzi asiyejua atue wapi.
"Hata ukiunga leo," akasema, "unaweza kuvunjika kesho,
mpaka mwili umalize kukua."
Akaenda kutafuta maji ya moto.

Mtoto akaivuta fomu.
"Mimi ni kipi hapa?"
Nilikuwa na majibu yaliyochapishwa, kurasa arobaini,
hakuna hata moja lililomfaa.
Akachukua penseli yangu, akachora kisanduku cha tatu,
kimepinda upande mmoja,
akaandika ndani yake: Bado.
Mama yake akamwambia aombe radhi kwa kuchafua karatasi ya serikali.
Hakuomba.

Saldías atapiga simu. Atasema kompyuta haina mahali pa bado.
Nitamwambia atafute.
Najua watoto wengine saba wa kuhamia humo,
na dokta mmoja.

Uchunguzi wa namba kumi na nne unafungwa akitimiza kumi na minane.
Mimi nastaafu akiwa na kumi na mbili.
Wewe utakayelishika daftari hili baada yangu,
funguo ziko kwenye bati la biskuti,
dirisha la kaskazini linavuja, weka ndoo,
na tafadhali,
usiifute soksi.